Wiketi tano zikianguka, anza kuhesabu mipira

Mwanangu,

Umeniuliza hivi: timu yetu ya kriketi, Kenya, ikiwa imepoteza wiketi tano (yaani wagongaji watano wametolewa, na wa kumi akitoka zamu imekwisha) na hata nusu ya ova, zile zamu za mipira sita sita, haijafika, huwa naona nini hadi niseme "bado"? Au ni ukaidi wa uzee tu? Ukaidi upo, sikatai. Lakini na hesabu ipo.

Macho yako hukimbilia kilichokwisha kuharibika. Ukiona 26 kwa wiketi 5, yaani mikimbio 26 na watano wametoka, unashika kichwa. Mimi naangalia kilichobaki: mikimbio mingapi inatakiwa, na mipira mingapi haijarushwa. Chukua mechi ya majirani zetu Uganda dhidi ya Papua New Guinea, Kombe la Dunia la T20 (mechi ya ova 20 kwa kila timu), Juni 2024, pale Providence, Guyana. Papua walikuwa wametolewa wote kwa 77. Mzee Frank Nsubuga, miaka 43, alirusha ova zake nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Halafu Uganda wakaingia kugonga, na tazama: 26 kwa 5. Mtu wa kukata tamaa angelala. Lakini walihitaji 52 tu, na zaidi ya nusu ya mipira 120 ilikuwa bado mkononi. Hapo huhitaji hata pigo moja la sita, lile la kuvusha mpira mpakani bila kugusa ardhi. Unahitaji mtu asitoke. Riazat Ali Shah akasimama, akachukua mipira 56 kupata mikimbio 33, mwendo ambao siku nyingine wangemzomea. Uganda wakafika 78 kwa 7 zikiwa zimebaki mipira kumi.

Kwa hiyo gawanya mikimbio inayotakiwa kwa ova zilizobaki. Kwa T20, ikiwa wiketi tano zimekwenda na kinachotakiwa ni chini ya mikimbio sita kwa ova, mimi siondoki mbele ya runinga. Kati ya sita na tisa, nauliza kama mmoja wa walio uwanjani ni mpigaji wa kweli au wote wawili ni warushaji waliovalishwa pedi za kukinga miguu. Ikipita kumi, naweka chai jikoni nikisikiliza kwa mbali.

Sasa utazame nini? Usitazame mapigo ya mikimbio minne au sita. Tazama mikimbio ya mmoja-mmoja. Kinachoua timu iliyobanwa ni mipira mikavu, ile isiyozaa kitu. Mitatu ikifuatana, mpigaji anaanza kuwashwa mikono, wa nne anaubamiza juu hewani hata kama haukustahili, na mdakaji yuko chini yake. Timu yenye akili huusukuma mpira polepole kwenye pengo na kukimbia. Kutoka mstari hadi mstari ni kama mita 17 na nusu, si mbali. Mwangalie asiyegonga, mwenzake aliye upande wa mrushaji: mrushaji anapoachia mpira, je, ameshaanza kusogea mbele? Anaposema "ndiyo" au "hapana", anasema mara moja na kwa sauti? Anapomalizia, gongo linaburutwa chini mita nzima kabla ya mstari au limebebwa hewani? Likibebwa hewani, mpira ukigonga vijiti vitatu vya wiketi kabla halijagusa ardhi ng'ambo ya mstari, ametoka kwa uzembe mtupu. Wiketi za namna hiyo ndizo huniuma kuliko zote, maana hakuna mrushaji aliyezifanyia kazi.

Halafu hesabu ova za mrushaji wao hatari. Katika T20 kila mmoja haruhusiwi kupita nne, katika mechi ya ova 50 haruhusiwi kupita kumi. Nahodha akiona tumeyumba huwa na tamaa ya kutumaliza, anamrudisha mkali wake mapema. Huyo akimaliza zake nne kwenye ova ya 12 na sisi bado tuna watu, nane zilizobaki zitarushwa na wengine. Ndiyo sababu huwa nawasifu wanaomzuia tu, bila kumpiga.

Na kuna siku hesabu inakataa. Siku chache baadaye, uwanja uleule, Uganda haohao walitakiwa kuwafikia West Indies waliopata 173. Karibu tisa kwa kila ova tangu mpira wa kwanza, na Akeal Hosein akachukua wiketi tano kwa mikimbio 11. Uganda wote nje kwa 39. Sisi pia tunayo yetu: Chennai, India, Kombe la Dunia la 2011, Kenya 69 wote nje, New Zealand wakamaliza kazi kwa ova nane bila kupoteza mtu. Siku kama hiyo zima ukalale.

Ukitaka kujua kwa nini Kenya ikigonga kwanza na kuvurunda bado nakaa, ni Pune, India, Kombe la Dunia, tarehe 29 Februari 1996. Kenya 166 tu. Aliyepata mingi ni Steve Tikolo, 29, na mikimbio ya ziada ilimpita: 37! Wapinzani, West Indies, walitugawia karibu robo ya jumla yetu, hasa kwa mipira mipana na makosa ya miguu ya warushaji. Hiyo ni faida ya kutulia: mpira wa nje unauacha, unapata mkimbio na mpira mwingine juu. West Indies walihitaji tatu na ushei kwa ova, kazi ya mchana mmoja. Rajab Ali akampiga vijiti Richie Richardson, kisha akamfanya Brian Lara auguse mpira kwa ukingo wa gongo, na Tariq Iqbal akaudaka nyuma ya vijiti. Maurice Odumbe akarusha ova kumi, mikimbio 15, wiketi tatu. Hakuna uchawi: mipira ya moja kwa moja kwenye vijiti, hakuna ya bure, hadi wenye haraka wakajitoa. Wote nje kwa 93.

Jambo la mwisho, kwa sababu najua utaniuliza: mvua. Usiiombee tukiwa tunafukuza tukiwa tumepoteza wengi. Ile hesabu ya Duckworth-Lewis-Stern, inayoamua mshindi mvua ikikatiza mechi, inatazama wiketi pia, kwa hiyo kila mtu anayetoka anapandisha alama tunayotakiwa tuwe tumefika. Tukiwa tano chini wingu likitanda, sisi ndio wa kuwahi. Tukiwa tunarusha na wao ndio tano chini, hapo omba inyeshe, ila T20 haina matokeo kama waliogonga pili hawajafikisha ova tano.

Mwambie mdogo wako bado ana pedi zangu.

Mama yako