Dogo hatoi pasi? Anza na yule anayepokea

Wakuu, hii nawaandikia watu wa aina yangu, yaani wale ambao kozi kubwa za ukocha hatujasoma ila jioni ukipita uwanja wa mtaa unatukuta na filimbi shingoni, madogo wametuzunguka kila upande, mshahara hakuna, posho hakuna, nauli ya daladala unajitegemea. Mi najitolea huku upande wa Temeke, watoto wa miaka 7 mpaka 12, na wenzangu wa mitaa mingine tukikutana swali lao ni lile lile: hawa madogo wana vipaji balaa lakini pasi hawatoi, tunafanyaje?

Jibu langu: acha kwanza kuwafundisha kutoa, wafundishe kupokea.

Najua linasikika kinyumenyume. Ila siku moja kaa pembeni, filimbi weka mfukoni, angalia tu. Utaona mpira unazunguka kwa watoto wanne watano wale wale na wengine wanakimbia mpaka wanaloa jasho hawajagusa hata mara moja. Sasa muite yule mwenye mpira, muulize fulani si alikuwa peke yake pale, mbona hukumpa? Atakujibu kavukavu: "Kocha, yule nikimpa anaupoteza." Na hadanganyi, anaupoteza kweli, mpira unamgonga mguuni unaenda mita tatu huko adui anaondoka nao. Yani huyo unayemuita mchoyo kashapiga hesabu zake, anajua kati ya kumpa yule na kujaribu chenga ye mwenyewe, chenga ina nafuu. Unaweza kupiga kelele "toa pasi, toa pasi" mpaka koo likauke, hesabu yake haibadiliki. Itabadilika siku yule wa pembeni akianza kuutuliza mpira ukakaa.

Halafu tukumbuke hawa watoto wametoka wapi. Wamekulia chandimu, kichochoroni, goli ni ndala mbili au matofali, na kwenye chandimu sifa zote ni za mtu mmoja, ukimpiga mtu tobo, yani mpira ukampita katikati ya miguu, hiyo stori inatembea mtaani wiki nzima, ukimpiga kanzu, ukampita juu ya kichwa, ndo usiseme. Pasi nzuri? Nani atakumbuka. Na mi sio adui wa chandimu, nisieleweke vibaya, zile chenga ni mali na ukiziua akiwa na miaka 7 hazirudi tena. Kwa wale wadogo kabisa wa 7 na 8 mi nawaacha wakae na mpira wanavyotaka, kila mtu auzoee kwanza. Pasi naanza kuikazania kwenye miaka 9 hivi, hapo mtoto ameshaanza kuona kwamba kuna watu wengine uwanjani.

Nikitaka waelewe kwa nini pasi ina faida nawapa mfano wa Samatta, maana huyo ni wa kwetu huku huku, kakulia Mbagala. Machi 2020 yuko na Aston Villa, fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley dhidi ya Manchester City, kafunga goli la kichwa. Walifungwa 2-1 lakini goli lipo. Nawauliza, Samatta alipiga chenga wangapi kabla ya lile goli? Hakupiga hata mmoja, mwenzake El Ghazi ndo kamwaga krosi yeye akauwahi. Kuna dogo mmoja aliniuliza sasa huyo El Ghazi kwa nini hatumjui, nikamwambia ndo maana nakufundisha.

Haya, kupokea kwenyewe. Mi naangalia mambo mawili tu, mengine yanakuja yenyewe. Kwanza kutazama kabla mpira haujafika. Watoto wengi wanaukodolea macho mpira tangu unatoka kule mpaka unawafikia, ukishafika ndo wanaanza kushangaa adui yuko wapi, wameshachelewa. Zoezi letu ni hili: watatu kwenye mstari mmoja, umbali wa hatua nane nane hivi, wa katikati anapokea kutoka kwa huyu anageuka anampa yule. Wakati mpira uko njiani yule wa nyuma ananyoosha vidole juu, viwili, vitatu, vyovyote, na wa katikati lazima ageuze shingo atazame begani na aseme ni vingapi kabla hajaugusa mpira. Mwanzoni wanachekana sana, mmoja anasema vinne mwenzie kanyoosha ngumi. Lakini baada ya wiki kadhaa utaona kwenye mechi shingo zinageuka bila kuambiwa, na kwangu hicho ni kitu kikubwa kuliko goli.

Pili ni mwili. Mtoto akisimama kifua kimeuelekea mpira moja kwa moja, akipokea hana pa kwenda, atarudisha alikoutoa au ataubutua. Mwambie asimame upandeupande, aone anakotoka mpira na anakotaka kwenda kwa pamoja, na apokee kwa mguu ulio mbali na mpira. Na mguu uwe laini, urudi nyuma kidogo mpira unapogusa, kama unapokea yai ulilorushiwa. Kutuliza sio kuukanyaga ukafa pale pale, ni kuusogeza kidogo kule unakotaka kwenda. Hapa usiwe na haraka, kaa hapa wiki nyingi tu.

Upigaji wenyewe sina mengi, maana hata huko YouTube yamejaa. Mguu wa kusimamia uwe pembeni ya mpira, vidole vyake viangalie anakoenda mpira, upige kwa upande wa ndani wa mguu, kifundo kikaze, na mguu uufuate mpira usikatishe njiani. Kosa kubwa ninaloliona ni ule mguu wa kusimamia kubaki nyuma, mpira unaruka juu unafika kwa mwenzio kifuani. Kingine cha kuchekesha, wanaopiga kwa ncha ya vidole kwangu wengi ni wenye viatu, wa peku hawathubutu maana inauma. Na hilo la viatu liangalieni sana jamani, usichanganye njumu na peku kwenye mazoezi ya kugombea mpira, mtoto akishakanyagwa kidole mara moja hatokuja kuupokea mpira kwa utulivu tena, atakuwa anaruka pembeni kila akiona mtu anakuja. Kwetu sheria ni wote viatu au wote peku, na kabla ya kuanza tunapita mstari mmoja uwanja mzima tunaokota chupa na misumari.

Mpira nao. Mipira ya msaada mara nyingi inakuja saizi 5, ile ya watu wazima, gramu 410 mpaka 450, mzingo sentimita 68 mpaka 70. Kwa mtoto wa miaka 9 huo ni mzigo, anaupiga kwa nguvu zote mpaka upigaji wake unaharibika. Wa miaka 8 hadi 12 watafutie saizi 4, walio chini ya hapo saizi 3. Kama hamna ndo hamna, punguza upepo kidogo usidunde kama mwendawazimu, hasa kwenye uwanja mgumu. Uwanja wetu sisi upande mmoja ni kichanga na mwingine umekomaa kama lami, kwenye kichanga pasi inakufa njiani watoto wanazoea kukandika, kwa hiyo mazoezi ya pasi tunahamia kule kwenye ugumu na kichanga tunakiachia mbio na kipa wa kuruka ruka. Na mkikosa mipira kabisa msiidharau ile ya makaratasi na nailoni, haidundi, mtoto mdogo anajifunza kutuliza bila kuuogopa.

Mazoezi ya foleni, yani watoto kumi na tano wamepanga mstari mmoja anapiga anarudi nyuma, mi niliyafuta. Mtoto anagusa mpira mara nne saa nzima, muda mwingine anampiga mwenzie makofi ya kichwa. Badala yake tunacheza mtu kati, na raha yake ni kwamba hauhitaji kuwaelekeza, wanaujua tangu nyumbani. Wanne pembeni wanapasiana, mmoja kati anautafuta mpira, wakishazoea wawili kati. Ninachoongeza ni kimoja tu, wanaopiga pasi wahesabu kwa sauti na wakifika nane yule wa kati anapewa adhabu ya kuimba, hapo utaona watoto waliokuwa wananyimwa mpira wanaanza kupewa, maana kila mtu anataka hesabu isikatike na njia pekee ni kumtumia kila aliyepo. Usikimbilie kuwaambia mguso mmoja tu kisa umeangalia Barcelona. Mguso mmoja kwa mtoto ambaye hajui kupokea ni ruhusa ya kubutua.

Kingine tunachokipenda ni milango. Chukua chupa za maji zile za lita moja na nusu, jaza mchanga, panga mbili mbili ziwe vigoli vidogo sita saba vimesambaa kila kona. Wanne kwa wanne, pointi inahesabiwa ukipitisha pasi mlangoni na mwenzio akaituliza upande wa pili. Ona hapo, pasi peke yake haina pointi, lazima mtu aipokee. Na kwa kuwa milango iko kila mahali, mpokeaji ndo anayeamua, anakimbilia mlango mtupu anaomba, kule kujazana wote kwenye mpira kunapungua chenyewe.

Mechi mwisho wa wiki ndo kuna vita yangu na wenzangu. Watoto wa miaka 9, kumi na moja kwa kumi na moja, uwanja mzima wa wakubwa, goli za wakubwa, hivi tunategemea pasi itokee wapi? Mwenye nguvu anabutua mbele, mwenye mbio anaukimbiza, wengine watazamaji. Hata Uingereza wadogo hawaanzi kumi na moja, wanaanza na timu ndogo wanapanda kidogo kidogo kadiri umri unavyoenda. Gawa uwanja kwa upana, cheza mechi mbili za watano au saba kwa wakati mmoja. Goli tunaongeza sheria yetu: aliyefunga asipomnyooshea kidole aliyempa pasi, goli halihesabiwi. Siku za mwanzo walisahau, magoli yakafutwa, kilio. Sasa hivi wananyoosha kidole kabla hata mpira haujaingia, na yule aliyetoa naye anashangilia kama kafunga yeye, kile kinachokosekana kwenye chandimu hapa anakipata.

Tuje kwa wakubwa wa pembeni, maana hawa bila kuongea nao kazi yote inaharibika. Kuna wazazi, kuna kaka zao, kwetu kuna na kijiwe cha boda boda kabisa kimegusana na uwanja. Mtoto anapokea, hapo hapo anasikia "piga!", "achia!", "butua!", "rudi!", vyote ndani ya sekunde moja, atafanya nini zaidi ya kuuondoa mpira mguuni ili kelele ziishe? Kugombana nao haisaidii, wengine umri wa baba yako. Sisi yule mwenye sauti kubwa kuliko wote pale kijiweni tulimwomba awe anatuhesabia pasi, kila timu ikifikisha tano mfululizo anatangaza. Kaka yule sasa hivi ni mkali kuliko refa, mtu akipiga kelele za "butua" anamnyamazisha mwenyewe, eti anamharibia hesabu.

Wasichana nao waleteni msiwatenge, zoezi moja, mpira mmoja, kwetu kuna mmoja anapokea vizuri kuliko wavulana wote wa rika lake na wanamgombania wakichagua timu. Wakiuliza wataenda wapi na mpira wao, Simba Queens na JKT Queens wapo.

Muda nao ni mchache, wengi wanatoka madrasa au twisheni, mnaanza saa kumi na nusu na maveterani wanakuja kudai uwanja wao kabla hata jua halijalegea. Ukimuwahi mzee wao na shikamoo kabla hajavua kandambili ukamuomba robo saa, mara nyingi anakupa. Lakini hotuba punguza, dakika mbili zinatosha, miguu ndo iongee.

Na masika hii ikianza, uwanja ukigeuka bwawa, usiwaambie wakae nyumbani mpaka Juni. Wape kazi ya ukuta: piga kwa ndani ya mguu, mpira unarudi, tuliza upandeupande, piga kwa mguu mwingine, hamsini kila mguu. Ukuta unarudisha mpira jinsi ulivyoupiga, ukipiga ovyo utapokea ovyo, kwa hiyo anafanya mazoezi yote mawili peke yake. Ila wasisitize wachague ukuta usio na dirisha, na wamuombe mwenye nyumba kwanza, maana simu za wenye nyumba zinakuja kwangu.