Kliniki inakutoza, halafu inauita utafiti

SWALI: Dada mratibu, shikamoo. Mimi ni Mkenya, nilitumikia jeshi la Marekani na sasa natibiwa hospitali ya VA, idara ya serikali inayohudumia askari wastaafu, hapa Texas. Nimealikwa kwenye utafiti wa dawa ya kisukari. Fomu inasema gharama ni za kampuni ya dawa, na pesa zinapitia shirika lisilo la faida la hapo hapo hospitalini. Shemeji anasema huo ni mrija wa madaktari, afadhali niende kliniki moja inayofanya utafiti wa seli shina (chembe hai zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine) kwa goti langu. Huko ni dola elfu tano, na nimeshatoa amana; angalau nikilipa naona ninachonunua. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, kaka. Shirika hilo si la siri. Bunge la Marekani liliruhusu hospitali za VA kuwa na mashirika ya aina hiyo mwaka 1988, kwa sababu hospitali ya serikali ikipewa pesa na kampuni au mfadhili, kuzitumia kwa taratibu za serikali ni shughuli. San Francisco wanalo, Boston wanalo, San Diego vilevile. Mkurugenzi wa hospitali anakaa kwenye bodi kwa mujibu wa sheria, pamoja na watu wasio waajiriwa wa serikali. Sisemi yote ni malaika: mwaka 2008 wakaguzi wa VA wenyewe walilalamika kwamba usimamizi wake ulikuwa legelege, na sheria ikarekebishwa mwaka 2010. Lakini taarifa yake ya mapato kwa mamlaka ya kodi, ile Fomu 990, iko wazi kwa yeyote. Shemeji akitaka kujua nani analipwa nini, asome.

Tena shirika halikuchagui wewe wala haliamui utibiwe vipi. Linashika pesa, linaajiri waratibu, linanunua vifaa. Utafiti wenyewe unapitishwa na kamati za hospitali, ikiwemo ya maadili. Ukikataa kushiriki, matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Kinachofanywa kwa ajili ya utafiti hutozwi, na ukiumia kwa sababu ya utafiti huo, VA ina wajibu wa kukutibu.

Sasa nije kwenye linalonichosha. Kila mara nakutana na mtu anayeshuku utafiti wa bure lakini haulizi chochote kuhusu ule anaolipia. "Naona ninachonunua"! Unanunua nini, kaka? Kama matokeo yanajulikana, hiyo ni tiba, na waonyeshe kibali chake. Kama hayajulikani, kwa nini wewe ndiye ulipe? FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa maumivu ya goti.

Watakuonyesha namba ya usajili kwenye ClinicalTrials.gov, tovuti ya serikali ya Marekani inayoorodhesha tafiti za tiba. Haina uzito huo. Mtafiti hujiandikisha mwenyewe pale, na tovuti yenyewe inaonya kwamba kuorodheshwa si kuthibitishwa na serikali. Mwaka 2017 madaktari walichapisha habari za akina mama watatu wazee waliodungwa seli machoni kwenye kliniki moja ya Florida. Kila mmoja alilipa dola 5,000, na tiba hiyo ilikuwa imesajiliwa kwenye tovuti hiyo hiyo kama utafiti. Macho yote mawili yalidungwa siku moja, jambo ambalo mtafiti anayejua kazi yake asingethubutu, maana likiharibika moja hubaki jingine. Walipoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona. Kliniki za namna hii zinawapenda sana askari wastaafu: wana maumivu ya muda mrefu, wamechoka kusubiri miadi, na mara nyingi wana hela ya pensheni inayoingia kila mwezi.

Kwa hiyo yeyote anayekuita "mshiriki wa utafiti" huku ameshika mashine ya kadi, muulize ni kamati gani ya maadili iliyompitisha, nani anagharamia ukiumia, na kundi la kulinganishia, yaani wasiopewa tiba hiyo, liko wapi. Atababaika.

Utafiti wa kisukari nao usitie sahihi kwa kunisikiliza mimi. Uliza kama unaweza kuangukia kundi la dawa bandia (placebo, isiyo na dawa ndani yake), na kama dawa unazomeza sasa zitasimamishwa. Nenda na fomu nyumbani, hakuna anayeruhusiwa kukuharakisha. Goti mwonyeshe daktari wako wa VA. Ile amana idai kwa maandishi, wiki hii hii.