Maswali ya Wasomaji: Safari ya Usiku Baada ya Zamu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyakazi wa kiwandani, na wiki ninapopangiwa zamu ya jioni hutoka kazini saa tano usiku. Kutoka langoni hadi kituo cha basi ni mwendo wa robo saa, taa ni chache, na aghalabu ninakuwa peke yangu. Mwenzangu ananihimiza ninunue dawa ya pilipili ya kupulizia. Je, itanifaa? Msimamizi wetu anasema kwamba yanayotokea nje ya lango hayamhusu.

JIBU: Ndugu msomaji, ulizia kwanza sheria ya mahali ulipo, kwa kuwa zipo nchi zinazoruhusu dawa hiyo na nyingine, ikiwemo Uingereza, zinazoihesabu kuwa silaha iliyopigwa marufuku. Hata pale inaporuhusiwa, haina msaada ikiwa imezama ndani ya mkoba, na upepo ukigeuka inaweza kukurudia usoni. Nisingeanzia hapo.

Ningeanza na ule upweke wa njiani. Wafanyakazi wa zamu moja huelekea kituo kimoja, lakini hutawanyika kwa sababu mmoja hubadili nguo upesi na mwingine huchelewa kukabidhi mashine. Kubalianeni basi kusubiriana ndani ya lango, alipo mlinzi, wala si nje. Ujumbe wa kuwaarifu watu wa nyumbani utumwe ukiwa bado humo ndani, utaje njia utakayopita na saa unayotarajia kufika, na anayeupokea awe anajua la kufanya usipofika, jambo ambalo wengi hawalipangi kabisa. Kisha simu ikae mfukoni. Jicho huhitaji takribani nusu saa kulizoea giza kikamilifu, kwa hiyo mtu anayetoka kwenye taa kali huona hafifu katika dakika zake za kwanza barabarani, na kila anapotazama kioo cha simu huanza kulizoea upya. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembea ukielekeana na magari, na uvae kitu kinachoakisi mwanga, kwani gari nalo ni hatari, sawa na mtu mwenye nia mbaya. Siku utakayoita teksi, hakiki namba za gari na umwache dereva ataje jina la abiria anayemfuata, badala ya wewe kumtajia lako.

Kuhusu kauli ya msimamizi, sikubaliani nayo. Pendekezo Na. 178 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1990, linataka hatua zichukuliwe kuwapunguzia wafanyakazi wa usiku muda na gharama za ziada za safari, na kuimarisha usalama wao njiani. Pendekezo halimfungi mwajiri kama sheria, lakini linatosha kuonyesha kwamba madai yenu si ya ajabu. Andikeni barua ya pamoja inayotaja saa, sehemu zenye giza na matukio yaliyokwisha kutokea, kisha muombe jambo mahususi. Gari la wafanyakazi likishindikana, huenda kusogeza mwisho wa zamu kwa dakika chache, ili uendane na ratiba ya basi, kusiwe na gharama yoyote.

SWALI: Mimi ni muuguzi, na huendesha gari kurudi nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Siogopi wahalifu bali usingizi. Nikifungua dirisha na kuwasha redio, je, inatosha?

JIBU: Haitoshi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hupungukiwa na umakini sawa na aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 katika damu, nawe pengine huanza zamu ukiwa umeamka tangu asubuhi. Tena alfajiri ndipo mwili unapodai usingizi zaidi. Ukisinzia kwa sekunde nne tu katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari litakuwa limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Lala dakika 15 hadi 20 hospitalini kabla ya kuondoka, na ukiamka usikimbilie usukani mpaka uzito wa usingizi uishe. Kope zikianza kulemea ukiwa njiani, egesha penye taa na watu, funga milango, ulale. Na ikiwa hali hiyo hukurudia kila wiki, panda basi au gari la mwenzako aliyelala mchana.