Dogo, bandua hiyo tepu

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye sendoff moja Mbezi, mgeni mwalikwa, sina kamera, nimekaa meza ya nyuma na soda yangu. Mpiga picha alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alipopita karibu yetu nikaona bodi yake, yaani kamera yenyewe bila lensi, imebandikwa tepu nyeusi ya mafundi umeme pale mbele panapoandikwa aina ya kamera. Shingoni ana mkanda ulioshonwa "EOS 5D Mark IV", Canon ya bei mbaya. Nikamwangalia anavyoiwasha: anazungusha gurudumu la modi. Nikajua. 4000D hiyo, Canon ya wanaoanza, mwanangu, swichi yake imo humo humo kwenye gurudumu.

Nilicheka mpaka mama wa jirani akaniuliza kulikoni. Halafu nikaacha kucheka, maana mkanda wa namna ile na mimi ninao nyumbani.

Kilichoniuma ni baadaye. Ndafu ikaingia, MC akaita wapiga picha wasogee, aliyesogea ni wa video peke yake. Dogo alibaki nyuma ya wajomba wenye simu, kamera ameikumbatia kifuani kama mtu aliyeficha kuku wa wizi. Picha ya kulishana ndafu ameipigia kwenye bega la shangazi wa watu. Kwa hiyo nyie wenye 1300D, 2000D, 4000D, D3200, kamera za wanaoanza, na lensi yenu ya 18-55 iliyokuja nayo, sogeeni hapa.

1. Bodi yako haitazamwi na mtu. Wanaoitazama ni wawili tu: mpiga picha mwenzako, na mjumbe mmoja wa kamati ambaye amesikia mahali neno "Mark". Huyo wa pili atakuuliza "ni Mark ngapi hiyo?" Mimi siku moja nilimjibu mmoja, "Hii ni ya kabla ya Mark." Akatikisa kichwa kwa heshima, akaniletea maji.

2. Lensi kabla ya bodi. 18-55 ukiivuta hadi 55 tundu lake la mwanga linafunguka 5.6, basi, na namba ikiwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Nunua lensi ya 50 ya 1.8, haivutiki lakini mwanga unaoingia ni karibu mara kumi, kisha tumia miguu kusogea.

3. Flashi ipige dari, lakini kwanza inua macho uone dari lenyewe. Jipsamu nyeupe, sawa. Mpambaji akishatandaza vitambaa vya pinki juu, ukoo mzima utatoka kama umepakwa rangi ya keki. Nimewahi kukabidhi harusi ambayo baba mzazi alikuwa zambarau kuanzia kipara hadi kola, na mwenyewe alidhani ndiyo mtindo. Na wewe wa 4000D, bodi yako haina ile pini ya katikati pale juu flashi inapokaa, kwa hiyo flashi za bei chee zenye pini moja hazitawaka. Usirudi dukani kugombana na Mchina wa watu.

4. Usikodi kamera ya kuonekana nayo. Hapa naomba nikae kidogo.

Ilikuwa 2016. Nina 1200D niliyoinunua Kariakoo ikiwa imetumika, nimeshapiga nayo harusi nane na hakuna aliyelalamika. Ikaja kazi ya familia yenye uwezo wake. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza kwenye simu natumia Mark ngapi, nikausikia mdomo wangu unasema "Mark III". Uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Ijumaa jioni nikaenda kwa jamaa mmoja anayekodisha, nikachukua bodi tupu, kwa sababu hela ya kukodi na lensi sikuwa nayo na lensi si ninazo? Bodi haikuwa na mkanda. Nikapita dukani nikanunua mkanda wa Mark III wa kwangu mwenyewe, hesabu yangu ni kwamba nikirudisha bodi, mkanda utaendelea kunitunzia heshima kwenye 1200D.

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa bibi harusi, anavishwa shela. Natoa 18-55 niipachike. Haiingii. Ile alama nyeupe ya mraba kwenye lensi inatafuta mwenzake kwenye bodi, na bodi ina kidoti chekundu tu. Najua, najua. EF-S, lensi za kamera zenye sensa ndogo kama 1200D, haikai kwenye fulu fremu, zile zenye sensa kubwa kama Mark III, hata wewe wa wiki ya pili unalijua hilo. Na mimi nilikuwa nimelisoma, ila kusoma na kushika ni vitu viwili. Wapambaji wananiangalia. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu, "Ngoja nibadilishe lensi, mwanga wa hapa haufai." Nikafunga 50, na hiyo 50 ndiyo iliyokula siku nzima. Picha ya ukoo wa bwana harusi, watu arobaini na ushee, niliipigia ng'ambo ya barabara nikiwa nimesimama ukingoni mwa mtaro, bodaboda zinakatiza katikati yetu. 1200D yangu muda wote huo ilikuwa kwenye begi chini ya meza ya DJ, nimeivingirisha taulo isionekane. Ingewabeba wote wale nikiwa upande huu huu wa barabara.

Hayo yalikuwa madogo. Mark III ina nafasi mbili za kadi, CF ile pana na SD ile ndogo. Mimi nimezoea SD, nikachomeka SD yangu. Kwenye nafasi ya pili kulikuwa na CF ya mwenye kamera, sikuijali, sikuwahi hata kuimiliki. Kumbe jamaa alikuwa ameseti kila kadi ipokee chake: roo, yaani faili ghafi za ukubwa kamili, ziende kwenye CF, JPEG ziende kwenye SD, tena zile ndogo kuliko zote, S3, maana yeye huzitumia kuwatumia wateja kwa WhatsApp. Kwenye kioo cha nyuma kila kitu kilikuwa kitamu. Ningekuza picha moja tu ningeshtuka, lakini kitufe cha kukuza kwenye 1200D kiko kulia juu pale dole gumba linapokaa, na kwenye Mark III kiko kushoto, na mimi sikutaka kuonekana natafutatafuta vitufe vya kamera "yangu".

Jumapili saa mbili asubuhi nikarudisha bodi kama tulivyokubaliana. Jamaa akafuta CF pale pale, mteja mwingine akaibeba kwenda kupiga kipaimara.

Usiku nikafungua laptopu. Picha mia nane na sitini, kila moja nukta 720 kwa 480. Nikadhani ni vile vipicha vya kuonyeshea tu, kubwa zenyewe ziko folda nyingine. Nikazitafuta mpaka saa nane usiku. Asubuhi nikampigia jamaa.

"Si ziko kwenye CF, kaka?"

"CF gani?"

Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Nasikia kuku wake wanawika huko kwake.

Alinipa CF nikajaribu kurudisha kwa programu. Kipaimara kilikuwa kimeshazikalia. Nikapata roo 23, na 11 kati yake ni viti vitupu nilivyopiga kujaribu mwanga kabla ya wageni kuingia. Sijawahi kupiga viti vizuri vile tena.

Nilikuwa nimeahidi albamu ya inchi 12 kwa 18. Pigeni hesabu nanyi: nukta 720 kwenye inchi 18 ni nukta 40 kwa inchi. Uso wa mtu unakuwa ngazi. Na ile 1200D iliyolala kwenye taulo ina nukta 5184 kwa upande mrefu, yaani 288 kwa inchi kwenye ukurasa ule ule. 4000D ya yule dogo ni megapikseli 18 vile vile. Hesabu hiyo niliifanya nyuma ya daftari la mikopo la dukani kwa dada yangu, mara mbili, kama vile ingebadilika.

Nikaenda kwa mama wa bibi harusi. Nilijiandaa kutukanwa, hakutukana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: "Na ya bibi?" Bibi alikuwa ametoka Rombo kwa basi, na pale mlangoni aliweka viganja vyote viwili juu ya shela akasema maneno yake ya Kichaga, sote tukatulia. Niliipiga hiyo. Ilikuwa nzuri. Nikamwambia, "Ipo mama, ila ni ndogo."

Pesa nilirudisha yote, kwa awamu. Nilipopeleka awamu ya mwisho nikaiona ukutani: fremu kubwa kama sinia, kadi nyeupe kila upande, na katikati picha ya bibi, ukubwa wa kiberiti. Mama akanikaribisha chai. Nikasema nina haraka.

5. Betri mbili, LP-E10 inaingia 1200D, 1300D, 2000D na 4000D, azimaneni, acheni roho mbaya.

6. Shela jeupe linaidanganya kamera. Ikiona nyeupe nyingi inapunguza mwanga, na bibi harusi wetu anatoka giza tupu, macho na meno. Pimia uso, ukiona shela limeanza kupoteza nyuzi zake punguza mwanga kidogo. Na msiogope kupandisha ISO, ule usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 3200. Picha yenye chenga inauzika, iliyotikisika haiuziki. Kuna mzee mmoja alinipa somo hili kwa kunipiga kofi la kisogoni ukumbini, kwaya inaimba, na mpaka leo nikifika 800 nasikia kisogo kinawasha.

7. Kabla ya kuondoka ukumbini kuza picha tatu kwenye kioo. Nadhani hii sina haja ya kuieleza.

Basi, sendoff ilipoisha nikamfuata yule dogo getini, anakunja stendi zake.

"Kijana, kazi nzuri. Mashine gani hiyo?"

"Mark IV, kaka," bila hata kupepesa.

"Mark IV inawashiwa wapi?"

Akaangalia chini, akaangalia mkanda, kisha akaanza kucheka mwenyewe. Nikamwomba anionyeshe picha. Za ukumbini nyingi ni migongo. Ila kulikuwa na moja ya jikoni, akina mama wanapakua pilau, mvuke, taa moja ya njano, mmoja anaonja kwa kidole na mwenzake ameshaona. Jikoni hakukuwa na kamati, kwa hiyo alikuwa amesogea.

Nikamwambia hiyo ndiyo aanze nayo kwenye ukurasa wake. Tepu akaanza kuibandua kwa ukucha, imeganda, itaacha gundi. Mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa yanaitoa, dogo, ila yasiguse lensi.

Mkanda akaniuliza afanye nao nini. Wangu umefunga mlango wa banda la kuku tangu 2017 na haujawahi kulegea.