Re: Upanga kushindwa kukata deraya kwenye Kingdom Come, ni bagi?

Mkuu mtoa mada, umeuliza kama ni bagi, yaani hitilafu ya gemu, pale unapomcharanga mapanga jamaa aliyevaa chuma mwili mzima na yeye bado anakuja tu. Sio bagi hiyo, na kwa maoni yangu ndio kitu ambacho Kingdom Come, gemu la mapigano ya upanga ya Ulaya ya zama za kati, wamekipatia kuliko magemu mengi yanayohusu enzi zile. Mimi niko Leeds, Uingereza huku, kuna klabu ya mazoezi ya upanga wa kale wa Ulaya naendaga jioni nikitoka kazini, na deraya nimeshavishwa, kwa hiyo naongelea kitu nilichokishika.

Iko hivi, upanga haukati bamba la chuma. Haukati, basi. Hata dirii tu, ile ya vipete vya chuma vilivyosukwa, ukiipiga na makali haichaniki, mwenye nayo ataumia na kile kishindo lakini ngozi nzima. Na chini ya dirii kuna gambesoni, koti la kitambaa matabaka kwa matabaka lililoshindiliwa kama godoro, ukilivaa lile hata na baridi ya huku jasho linakutiririka mgongoni kabla hujaanza kurusha hata pigo moja. Sasa magemu mengi yanageuza deraya kuwa namba, una damu 100, yaani pointi za uhai, ukivaa chuma unapunguziwa kidogo, halafu watu wanacharangana mpaka damu iishe. Uhalisia ni kwamba pigo ama limepata upenyo ama halijapata.

Kama unataka ushahidi angalia Visby, kule Sweden, vita vya 1361. Makaburi ya pamoja yalipofukuliwa mifupa mingi ilikutwa na majeraha ya miguuni, chini ya goti huko, yaani watu walipigwa pale ambapo chuma hakikuwepo. Lini umecheza gemu adui akakulenga muundi?

Kwa hiyo kwenye miaka ya 1400 mtu akikutana na mwenzake mwenye bamba mwili mzima anabadilisha mchezo. Mkono mmoja unabaki kwenye mpini, mwingine unashika ubavu wa upanga wenyewe, ndio, unashika bapa la chuma kwa kiganja, halafu unautumia kama mkuki mfupi kutafuta kwapa, kiwiko kwa ndani, tundu za macho. Fiore dei Liberi, mwalimu wa Kiitaliano wa wakati huo, ameacha michoro kabisa ya mambo haya. Au unaugeuza upanga kichwa chini miguu juu unampiga mtu kichwani na mpini, kama nyundo. Na mara nyingi inaishia mieleka, mmoja yuko chini na mwenzie kamkalia na jambia jembamba anatafuta upenyo. Tukifanya hii klabuni (na vyuma butu msiogope) haina uzuri wowote, ni watu wawili wanahema na kusukumana, ndio maana nadhani watengeneza magemu wanaikwepa.

Ishu ya uzito sasa, maana naona kuna mchangiaji hapo juu kasema waliovaa deraya wakianguka hawainuki. Hapana aisee. Seti kamili ni kama kilo 20 hadi 25 na zimegawanywa mwili mzima, unainuka, unakimbia, unapanda farasi. Kinachokumaliza ni pumzi. Kuna watafiti wa hapa hapa Leeds waliwavalisha watu deraya wakawatembeza kwenye mashine ya mazoezi, nguvu waliyotumia ilikuwa kama mara mbili ya kawaida, na sababu kubwa ni ule uzito wa miguuni. Ukiongeza na kofia iliyofungwa mbele, unasikia pumzi yako mwenyewe tu na dunia unaiona kwa ufa mmoja. Kingdom Come hapo wamejitahidi, ukifunga kofia skrini inabanwa. Ila kuvaa wamedanganya kama wengine wote, Henry, yule mhusika unayemcheza, anafungua menyu sekunde moja yuko tayari, wakati vyuma vya miguu vinaning'inizwa kwa kamba kwenye koti la ndani na bila mtu wa kukusaidia utahangaika sana.

Makosa mengine ya magemu haraka haraka. Upanga mrefu mgongoni kama Geralt wa gemu la The Witcher: jaribu na fimbo ndefu, mkono unaisha kabla ncha haijatoka kwenye ala. Kwenye gemu la Skyrim huwezi kupigana na mkuki, silaha ambayo majeshi karibu yote yaliitumia. Mashujaa kutovaa kofia ili sura ionekane, waulize wale waliouawa kwenye vita vya Towton, Uingereza, 1461, kaburi lao limepatikana 1996 na mafuvu yamejaa majeraha. Na mpiga upinde kuwa yule dhaifu wa kikundi ndio inaniudhi kuliko zote, pinde zilizotolewa kwenye Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama 1545, zinakadiriwa kuvutwa kwa kilo 45 mpaka zaidi ya 70, sasa mtu wa kuvuta kitu hicho kutwa nzima ana bega la namna gani?

Kwa hiyo mkuu huyo jamaa anayekusumbua achana na upanga, tafuta rungu la chuma, mchokoze mpaka achoke halafu piga kichwa. Gambesoni usiivue hata kama inaharibu pamba zako.