Daftari la sukari la Mama

Mama alikuwa na daftari la sukari. Kila asubuhi alijitoboa kidole, akapima, akaandika namba, nami nikija mwisho wa wiki nalipitia. Siku moja nikakuta mistari 11 mfululizo imeandikwa 7.2, kwa mwandiko uleule wa kupendeza. Nikawasha mashine ya kupimia, maana hutunza kumbukumbu. Haikuwa imeguswa kwa siku zote hizo.

Nilimgombeza. Nilidhani ni ubishi wake wa kawaida, kumbe mashine ilishamshinda na alikuwa anaona aibu kusema.

Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya damu, ikiwemo midogo ya ubongo, na hapo akili huweza kuanza kufifia. Kinachotangulia kupotea mara nyingi si majina ya watoto, ni uwezo wa kufuata hatua: pima, dunga, kula. Mama alinisimulia harusi yake neno kwa neno, lakini hakujua kama amejidunga insulini au bado. Daktari alipomwambia achore saa, namba zote zilirundikana upande mmoja.

Mimi nilikuwa nahofia sukari kupanda. Ya kushuka ndiyo ingemuua haraka, kwani aliyesahau anaweza kujidunga mara mbili, au akadunga asile. Na mzee si lazima atetemeke wala kutoka jasho sukari ikiwa chini ya 3.9 (kwa mashine nyingine, 70). Anaweza kuongea ovyo, kuwa mkali au kuanguka tu, halafu nyumba nzima mkasema ni uzee. Akibadilika ghafla, mpime kwanza. Ikiwa imeshuka na anameza vizuri, mpe gramu 15 za sukari, kama kijiko kikubwa kimoja, kwenye maji, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Jingine: mwambie daktari ukweli wa nyumbani. Nilipompa lile daftari, alimwachisha vidonge vya glibenklamaidi, ambavyo kwa wazee huweza kushusha sukari kupita kiasi, na sindano zikawa moja kwa siku. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) tuliambiwa kikiwa chini ya asilimia 8 kwake kinatosha. Nilikuwa namkimbiza kwenye 6.5 bila sababu. Akapimwa pia vitamini B12, kwa kuwa metformini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumika miaka mingi huweza kuipunguza, na upungufu wake nao huleta usahaulifu. (Dawa usizipunguze mwenyewe, hata kama jirani yako ni mjuzi.)

Sindano sasa nashika mimi. Daftari nimemwachia. Namsomea namba, anaandika, halafu anaweka alama ya vema akishadungwa. Kuna siku ananiuliza mara nne, "Hivi leo nimeshachoma?" Namfungulia ukurasa. Anaigusa ile alama kwa kidole, anacheka, "Mwandiko wangu huu."