Maswali ya Wasomaji: Aliyelipia Kiti, Mbona Anasimama?

SWALI

Ndugu Mhariri, naishi Uingereza mwaka wa 11 sasa. Majuzi baba yangu mzazi alikuja kututembelea kutoka Tanga, na kwa kuwa ameipenda soka ya huku tangu enzi za kuifuatilia redioni, niliona hakuna zawadi itakayomfurahisha kama kumpeleka uwanjani. Tiketi za upande wa wenyeji zilikuwa zimekwisha, nikapata mbili za upande wa wageni kwa rafiki yangu. Mzee ana miaka 71 na goti moja linamsumbua. Tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, watu wote waliokuwa mbele yetu walisimama. Baba alijikaza dakika 20, akaketi, na baada ya hapo aliona migongo na makoti tu. Nilipomgusa bega kijana wa mbele na kumwomba kwa adabu akae, alinijibu bila ukali wowote kwamba nimekosea jukwaa. Bao lilipoingia, mtu wa nyuma aliniangukia, nami nikaangukia kiti cha mbele, na mpaka leo nina alama chini ya goti. Wasimamizi wa jukwaa walikuwa wakitazama tu. Je, tulionewa, au kweli nilikosea jukwaa? Na kama viti viliwekwa kwa sheria, mbona sheria haifuatwi?

Mtoto wa Tanga, Uingereza

JIBU

Mpe mzee shikamoo zetu, na pole kwa goti lake na kwa mguu wako. Hukukosea kudai kukaa, na kijana yule hakukudanganya. Wewe ulinunua kiti. Yeye alinunua dakika 90 za kuimba akiwa wima kati ya wenzake. Klabu ikawauzia nyote wawili tiketi yenye maandishi yaleyale, kisha ikawaacha mmalizane wenyewe kwenye safu ambayo hata goti linapita kwa shida. Ugomvi huu una umri wa miaka zaidi ya 30 nchini humo, na hauelezeki bila kurudi Sheffield.

Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough, Liverpool na Nottingham Forest zilikuwa zikicheza nusu fainali ya Kombe la FA. Mashabiki wa Liverpool walipewa jukwaa la kusimama nyuma ya goli, lililogawanywa kwa uzio wa chuma kuwa vizimba, na mbele yake ukawekwa uzio mwingine wa kuwazuia watu wasiingie uwanjani. Nje, kwenye milango michache ya kuingilia, watu walikuwa wamebanana kiasi cha kutisha. Polisi wakaamuru geti kubwa lifunguliwe, na umati ukafuata njia ya chini kwa chini iliyoishia kwenye vizimba vya katikati, ambavyo tayari vilikuwa vimefurika, ilhali vya pembeni vilikuwa bado na nafasi. Mwamuzi alisimamisha mechi ikiwa na dakika sita tu. Watu 97 walipoteza maisha kutokana na siku ile, wa mwisho wao akifariki mwaka 2021 baada ya kuishi na majeraha kwa zaidi ya miongo mitatu. Kwa muda mrefu mashabiki walisingiziwa kwamba walikuwa walevi na wakorofi waliojiletea maafa wenyewe, mpaka uchunguzi wa vifo uliokamilika mwaka 2016 ulipotamka kwamba marehemu waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama.

Jaji Taylor, aliyekabidhiwa uchunguzi wa kwanza, alitoa ripoti yake ya mwisho Januari 1990, na kutokana nayo klabu za madaraja mawili ya juu zikatakiwa kuweka viti uwanja mzima kufikia mwaka 1994. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba jaji huyohuyo alikiri kuwa kusimama, kwa asili yake, si hatari. Alipendekeza viti kwa sababu vinarahisisha kuudhibiti umati: mwenye kiti ana namba, na namba huhesabika.

Nadhani alikuwa sahihi katika yote mawili, na ushahidi hauko mbali nasi. Oktoba 2010 watu saba walikufa katika mkanyagano kwenye uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku Gor Mahia na AFC Leopards walipokutana. Januari 2022 watu wanane walikufa kwenye lango la uwanja wa Olembe, Yaoundé, wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mei 2023, siku Yanga ilipoikaribisha USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho, msongamano wa kuingia uwanjani Dar es Salaam uliua mtu mmoja na kujeruhi wengine wengi. Kilichoua ni njia za kuingilia: milango iliyofunguliwa kwa kuchelewa au kwa pupa, na watu wengi kuliko nafasi. Mtu aliyesimama mahali pake, mwenye nafasi yake na chuma cha kushika mbele yake, hayumo katika hesabu hiyo.

Sasa tuje kwenye mguu wako. Viti vilipokuja, mashabiki wengi wa Uingereza, hasa wa nyuma ya magoli na wa upande wa wageni, hawakukaa. Walisimama mbele ya viti vyao, na kwa maoni yangu huo ndio mpango mbovu kuliko yote. Jukwaa la zamani la kusimama lilikuwa na vyuma vya kuegemea vilivyomfika mtu kifuani au tumboni. Safu ya viti haina kitu isipokuwa mgongo wa kiti cha mbele, na huo unamfika mtu kwenye magoti au chini kidogo. Bao linapofungwa na watu wakarukiana, wa juu humwangukia wa chini, na wa chini hukutana na ukingo wa plastiki kwenye muundi. Alama uliyo nayo wewe wanayo mashabiki wengi wanaosafiri kila wiki kuifuata timu yao, na baadhi yao huionyesha kama medali.

Hapo ndipo lilipotokea wazo la kiti chenye chuma. Kila safu ina ukingo wa chuma ulioinuka hadi kiunoni, na kiti kimeshikizwa humo kwa namna ya kukunjika. Anayetaka kusimama hushika chuma, na nyuma yake chuma kingine humzuia asimwangukie wa mbele. Wajerumani wamekuwa na majukwaa ya kusimama miaka yote, na jukwaa la kusini la Borussia Dortmund huchukua karibu watu 25,000 waliosimama, ingawa kwa miaka mingi mechi za Ulaya ziliwalazimu kulirudishia viti. Celtic ya Glasgow ilifunga viti vya namna hiyo mwaka 2016, kwa kuwa sheria ya Uingereza na Wales haikuibana Scotland. Huko uliko, majaribio rasmi yalianza Januari 2022 katika viwanja vya Chelsea, Manchester City, Manchester United, Tottenham na Cardiff, na mechi ya kwanza ikawa Chelsea na Liverpool, sare ya 2–2. Kuanzia msimu wa 2022–23 klabu nyingine zikaruhusiwa kuomba kibali, kwa sharti kwamba mtu mmoja ana kiti kimoja, na kiti hicho kipo hata kama hakitumii.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni kwamba sheria inafuatwa nusu. Penye kibali, kusimama ni halali. Pasipo kibali, ni kosa kwa kanuni za uwanja, lakini wasimamizi kumi hawawezi kuwakalisha watu elfu tatu, nao wanajua kwamba kumvuta mtu mmoja kutoka katikati ya safu kunaweza kuzua vurugu mbaya kuliko kusimama kwenyewe. Mimi siwalaumu kwa hilo. Ninaowalaumu ni wale wanaouza tiketi ya jukwaa lile kwa mtu mwenye goti bovu bila kumwambia neno, wakijua fika kwamba tangu miaka mingi hakuna aliyewahi kukaa pale.

Wapo watakaokuambia kwamba anayetaka kukaa akae nyumbani atazame televisheni. Kauli hiyo ni ya kiburi. Safu ya kwanza ikisimama, ya pili haina hiari, na ya 30 haina hiari vilevile; uamuzi wa mtu mmoja mrefu pale mbele hupanda ngazi hadi kwa mzee aliye juu kabisa, kwa mtoto, na kwa mtu mfupi ambaye hata akisimama haoni. Lakini wapo pia wanaotaka uwanja mzima uketi kimya na kupiga makofi kama wako kwenye mahafali, nao wanasahau kwamba ile sauti iliyomvutia baba yako redioni ilitoka kwenye majukwaa ya kusimama.

Safari nyingine, waulize klabu kabla ya kulipa: sehemu zipi zina kibali cha kusimama, na sehemu zipi ni za familia. Upande wa wageni uuepuke kabisa ukiwa na mzee. Tafuta jukwaa la ubavuni, karibu na mstari wa kati, ambako watu huinuka kwenye kona na penalti na kurudi vitini. Ukikosa, omba safu ya kwanza kabisa. Huko mvua itawanyeshea, lakini hakuna mgongo wa mtu mbele yenu.

SWALI

Mhariri, mimi ni Mwananchi damu, yaani shabiki wa Yanga, nakaa Mbagala. Simba ikicheza na timu ya nje, mimi na wenzangu huenda uwanjani kuishangilia timu ngeni, kama wao wanavyotufanyia sisi. Jirani yangu, mtu wa Msimbazi, yaani wa Simba, amenitolea maneno barazani mbele ya watu kwamba mimi si mzalendo, na kwamba nikionekana na jezi ya wageni nastahili kipigo. Nani kati yetu mwenye haki?

Mwananchi wa Mbagala, Dar es Salaam

JIBU

Ndugu Mwananchi, hakuna kanuni ya soka inayomlazimisha mtu kuishangilia timu fulani, na aliyelipa kiingilio chake ana ruhusa ya kumshangilia hata mwamuzi. Uzalendo unadaiwa pale Taifa Stars inapocheza. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka uliofuata, ikaitwa Sunderland mpaka mwaka 1971. Utani wenu ni mkubwa kwa umri kuliko Jamhuri yenyewe, na sidhani kama jirani yako anataka kweli ufe, kwa maana siku utakapoacha kumchokoza atakosa la kuzungumza barazani.

Kipigo ni habari nyingine. Shirikisho la soka la Afrika huiadhibu klabu kwa makosa ya mashabiki, hata kama viongozi wake hawakuwatuma. Desemba 2024, Simba ilipoifunga CS Sfaxien ya Tunisia 2–1 kwa bao la dakika za nyongeza, vurugu zikazuka katika uwanja wa Benjamin Mkapa, viti viking'olewa na kurushwa hewani. Mwezi uliofuata Simba ikaikaribisha CS Constantine ya Algeria mbele ya viti vitupu. Hebu fikiria hasara: timu imepigania nafasi ya kucheza robo fainali, halafu inacheza kwenye uwanja ambao unaweza kusikia kocha akikohoa.

Nakuomba jambo moja tu. Ukienda kuwashangilia wageni, kaa na wageni, au kaa kwenye sehemu ya mzunguko ambayo inajulikana kuwa yenu siku hiyo. Kuvaa jezi ya Waarabu na kwenda kukaa katikati ya bahari ya jezi nyekundu, kisha kuinuka bao la kusawazisha linapoingia, ni kutafuta sababu. Haki yako itabaki palepale, lakini utakuwa unaidai ukiwa na kiatu kimoja.

SWALI

Mhariri, wanangu watatu wananililia niwapeleke kuitazama Mashemeji, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, lakini mume wangu anasema mashabiki hutukana sana na kwamba bila matusi mpira haunogi. Je, ni kweli?

Mama Watatu, Mombasa

JIBU

Bi Mama Watatu, mpira hunoga kwa kebehi, na kebehi si lazima iwe tusi. Hata hilo jina la mechi linatufundisha: mashemeji huchokozana mchana kutwa, na kuna maneno ambayo shemeji hayasemi mbele ya watoto. Tatizo hili si la Kenya peke yake. Uingereza kuna mashabiki wanaoimba kuwadhihaki waliokufa katika ajali ya ndege ya Manchester United mjini Munich mwaka 1958, na wengine waliokufa Hillsborough, na klabu zimeanza kuwafungia viwanja wanaonaswa wakiimba hivyo. Watetezi wao husema ni utani. Kwetu mtani huruhusiwa kufanya mzaha hata msibani, hilo ni kweli, ila mtani huyohuyo ndiye aliyeamka alfajiri kuchimba kaburi na ndiye anayewagawia waombolezaji chakula. Hao wanaoimba habari za Munich hawajachimba kaburi la mtu.

Wapeleke watoto. Fikeni saa mbili kabla ya mechi, msingoje msukumano wa langoni, na mchague jukwaa kuu lenye paa badala ya nyuma ya magoli. Kabla hamjakaa, waonyeshe watoto njia ya kutokea iliyo karibu nanyi. Tusi moja mawili watayasikia, bila shaka. Mwambie baba yao akae kati yao, naye atapunguza yake.